Paipu Niliyoisugua

Mimi sijasomea mambo ya hospitali. Mashine za kliniki pale Kitengela nilijifunza kutengeneza kwa simu na kwa kuharibu, na mtu akiniuliza cheti namuuliza kama mashine yake inafanya kazi ama haifanyi. Kwa hivyo mama aliposema harudi tena kuoshwa damu, nilijua nitamgeuza nia.

Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Paipu ya kwanza waliyomwekea shingoni iliziba na damu iliyoganda, ikatolewa. Akarudi nyumbani Kajiado, akakaa. "Nimechoka kutobolewa." Bila paipu hakuna kuoshwa, na bila kuoshwa hatungekuwa naye siku nyingi. Mjomba akaanza ati tumwache apumzike.

"Kapumzike wewe," nikamwambia. Mama akanikemea. Sikuomba msamaha.

Hospitali walikuwa na paipu aina ingine, imepakwa utando mwembamba sana ndani na nje, uko na dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu ikigusa plastiki tupu inajua hiki ni kitu kigeni, inashika. Ikigusa huo utando inapita tu. Sista mmoja akanipatia tatu za kufundishia, zimepita tarehe: moja tupu, mbili zimepakwa.

Sasa, mama huwezi kumdanganya kuhusu damu. Tangu akiwa msichana amekoroga damu ya ng'ombe kwa kijiti mpaka zile nyuzi zinazoigandisha zinajifunga kwa kijiti na damu inabaki maji. Jumamosi asubuhi mjomba akitoboa ndume shingoni na ule mshale mfupi wa kutolea damu ya kunywa, nikamwambia mama, "Yeyo, leo usikoroge. Angalia."

Nikavuta damu moto na sindano, nikajaza paipu tupu na moja iliyopakwa. Tukakunywa chai. Nikasukuma maji. Zote mbili zimeziba!

Mjomba akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Ero, kijana, daktari wa simu!"

Nilitaka kumrushia sufuria. Mama ndiye aliuliza polepole, "Uliziosha na nini?"

Na nini tena? Kwetu chombo hakipokei maziwa wala damu kabla ya kusuguliwa. Nilikuwa nimefunga kitambaa kwa waya, nikapaka unga wa kaa la oloirien, ule mti tunasafishia vibuyu, nikazisugua ndani mpaka mkono ukauma. Usafi, nikadhani. Kumbe nimekwangua utando wote.

"Ya tatu?"

"Hiyo hata sijafungua."

Mama akamgeukia mjomba. "Shika ndume ingine."

"Kwa sababu ya huyu?"

"Kwa sababu yangu."

Mjomba akaokota kofia, akaenda. Safari hii nilijaza ile ya tatu mbele ya mama, bila kuisugua, tukangoja vilevile, nikampa sindano ya maji asukume mwenyewe. Yalipita kwa mkupuo mmoja. Akainua paipu kwa jua, ni nyeupe. Akaisugua kidogo na kidole, ikateleza kama mboga ya mrenda.

"Jumatatu," akasema.

Jumatatu alilala kwa kitanda cha hospitali, shingo imegeuzwa, daktari amevaa glavu tayari. Mama akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Hii kuna mtu ameiosha?"

"Hapana, mama. Imetoka kwa pakiti saa hii."

"Sawa. Weka. Na huyu kijana wangu akae huko mlangoni."

Nikakaa mlangoni.