Jina la Wi-Fi Yangu

Pa! Muhuri uligonga karatasi ya mtu aliyenitangulia, na mlio ule ningali nausikia. Zamu yangu ilikuwa imefika ya kuomba ruhusa ya kuweka Wi-Fi ya bure kwenye bustani ya mji. Nikamweleza muzee wa ofisi kwamba mutoto wa mtaa maskini wa Mugunga na tajiri wa kando ya ziwa wataitumia sawa, bila kulipa. Nilisema hadi machozi yakanilenga. Muzee akaushika muhuri.

“Binti, onyesha kwanza kama inatumika.”

Kwa furaha nikawasha kifaa changu cha nyumbani, nilichokuja nacho mfukoni. Akavaa miwani, akatafuta kwenye simu yake, kisha akasoma kwa sauti, watu wote wa foleni wakisikia:

“‘Jirani Nunua Yako.’ Hii ni ya nani?”

Ilikuwa yangu. Niliipa jina hilo kwa sababu watoto wa Mama Furaha, jirani yetu, walikuwa wakinimalizia mega za intaneti.

“Hiyo njo Wi-Fi ya bure?” Muhuri ukarudi ndani ya droo. “Kwanza uende upatane na majirani, mama, kisha urudi.”

Kwenye ngazi za ofisi, nikiwa peke yangu, nikaandika jina jipya, ‘Jirani Karibu’, nikaondoa na neno la siri.