Pole kwa Asiyeumwa

Mtaani walimwita Kipimo. Alikuwa fundi cherehani ambaye hakuwahi kumpunja mtu hata upana wa kidole, na ukimuuliza kama gauni limekupendeza, alikujibu ukweli. Wenye moyo mwepesi hawakuuliza mara mbili.

Kipimo alikuwa na usonji. Alilijua hilo ukubwani, daktari alipomweleza kwa nini sherehe ya jioni moja ilimchosha kuliko kushona wiki nzima. Mumewe, fundi wa majokofu, alilielewa kwa lugha ya kazi yake. "Mke wangu ni kama jokofu," alisema. "Mlango ukifunguliwa kila dakika, halipoi."

Mlango ulifunguliwa siku alipokuja wifi, dada mkubwa aliyemlea mumewe tangu mama yao alipofariki. Alikuja na mabinti wawili na mizigo isiyo na idadi, akae wiki nzima. Alikuwa ameuza ndoo na mabeseni sokoni maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa bado haijaambiwa kwamba soko limefungwa.

Kipimo alimpenda mno. Alitaka jambo moja tu: wifi aondoke akijua kwamba anapendwa.

Mwanzo alijikaza kisabuni. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Redio iliimba, mabinti walichekea simu, na wifi alisimulia kisa cha jirani aliyeibiwa bata, akimpiga Kipimo paja kila kisa kiliponoga. Nacho kilinoga mara nyingi. Mwizi alipomficha bata ndani ya koti, Kipimo akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wifi akaukodolea macho mlango ule.

"Nimesema nini?" wifi akauliza.

"Hakuna, dada," mumewe akadakia. "Kichwa tu kinamuuma."

Uongo ule ulikuwa mdogo kama punje, lakini ulianguka penye maji. Wifi aliposikia kuna mgonjwa, bata akamtoka akilini. Hata hodi hakupiga.

"Wifi yangu! Mbona hukusema?"

Akaleta maji ya moto, kisha ya baridi, kisha dawa ya kuchua. Mabinti wakapanda kitandani, mmoja miguuni, mmoja kichwani. Jirani wa kushoto akasikia kupitia dirishani, akaja. Jirani wa kulia akamwona wa kushoto akija, akaona aibu kubaki. Punde si punde chumba kikajaa kuliko sebule, na Kipimo akajifunika shuka gubigubi.

"Shemeji yangu alianza hivihivi," akasema jirani wa kushoto. "Kichwa kidogo tu. Tukamzika."

"Wewe, umekuja kumpa pole au kumpima jeneza?" akafoka jirani wa kulia.

Ndipo Kipimo akasikia kitu ambacho hakukizoea: sauti ya wifi ikiwa chini.

"Ni mimi," wifi alisema, akifuta machozi. "Nimekuja na makelele yangu, nimemtia mwenzangu maradhi. Mabinti, fungeni mizigo. Tunaondoka leo."

Kipimo akafunua shuka.

"Siumwi."

"Homa imempanda kichwani," akanong'ona jirani wa kushoto.

"Siumwi chochote. Mume wangu amedanganya."

Wote wakamgeukia fundi wa majokofu. Alikuwa mlangoni na beseni mkononi, akaanza kulikagua kana kwamba limeletwa kutengenezwa.

"Nina usonji," Kipimo akaendelea. "Sauti zikizidi, na watu wakizidi, na paja likipigwa, ninajaa. Nikijaa, naingia humu mpaka nipungue. Wewe sijakuchoka, wifi. Wewe nakupenda. Nimemchoka bata."

Wifi akaacha kufuta machozi.

"Bata?"

"Bata, redio na paja."

"Sasa kwa nini usiniambie?"

"Niliogopa utaondoka."

"Na mimi si ndiyo naondoka kwa sababu hukuniambia!" Wifi akaangua kicheko cha sokoni, kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Haya, sema. Unataka nini?"

"Nataka watu wote watoke. Na wewe usiondoke."

Majirani wakatazamana, hawakuwahi kuona mgonjwa akiwafukuza waliokuja kumjulia hali. Lakini wifi alikwisha kusimama.

"Mmesikia? Nje! Pole zenu zimepokelewa na zimetosha!"

Akawaswaga kama kuku, akafunga mlango, akavuta kigoda na kuketi hapo nje kulinda. Kila aliyefika alikutana naye.

"Hakuna mgonjwa hapa! Kuna mtu anapumzika! Kupumzika nako kunataka mashahidi?"

Mtaa mzima ukapata habari kwamba nyumba ile inahitaji ukimya.

Kipimo alivumilia kidogo. Alijua wifi anafanya hisani, na hisani haikatazwi. Kisha akakumbuka machozi yale, akaufungua mlango kwa upenyo mdogo.

"Wifi."

"Abee, wifi yangu."

"Asante. Unalinda vizuri sana. Ila naomba ulinde kwa sauti ya chini."

Wifi akainua mkono kupiga paja, akaona la kupigwa ni lake mwenyewe, akalipiga taratibu.

"Uwe unaniambia hivyohivyo," akanong'ona.

Kisha akawageukia mabinti waliokuwa wakingoja na mizigo, akawaonyesha kabati kwa kidole, bila neno, warudishe nguo ndani.