Mpima Mvua wa Shamba la Ngano

Mpima mvua wa shamba la ngano la serikali alikuwa na kucha safi kuliko mtu yeyote Hanang, pengine kwa sababu kipimo chake kilikuwa kikavu tangu Februari. Kila saa tatu asubuhi alikiinua, akachungulia ndani kwa adabu, akapangusa vumbi, akaandika sifuri ya duara kamili. Saa tisa alasiri alitazama juu. Mawingu yakirundikana marefu juu ya mlima, meusi chini na meupe kileleni, alisema "kumulonimbasi" kwa sauti ya padre anayetaja jina la mtakatifu. Siku moja mzee Gidahosh, mfugaji ambaye malisho yake sasa yalikuwa ngano, alisimama kumsikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lile lina mvua? Ng'ombe wamechoka. Nikiwapeleka ziwani leo, watafika. Kesho kutwa hawafiki."

"Lile ni kumulonimbasi, mzee. Ndilo lenye mvua hasa."

Kitabuni ni kweli. Mzee akasubiri siku tatu. Wingu likapita, likanyesha kijijini Nangwa, ambako mahindi yalikuwa yamekwisha kukauka.

Mzee alirudi bila hasira, na hilo mpima mvua hakulizoea.

"Ng'ombe wamebaki wawili," alisema. "Nitajie tena lile jina, mwanangu. Mama watoto anauliza tulikuwa tunasubiri nini."

Mpima mvua akaficha mikono nyuma, akaanza kulitamka polepole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa chuoni.