Nani Aliyezima Mashine ya Trizah?

Saa moja kasoro asubuhi, ukungu wa Ziwa Naivasha bado umelala juu ya nyumba za plastiki zinamokuzwa maua. Trizah Nanyama, mwenye umri wa miaka 43, anaingia katika chumba baridi cha kupangia waridi, anafunga aproni, kisha anafanya jambo ambalo wenzake wamelizoea bila kulipenda.

Ananyosha mkono wa kulia mbele yake, vidole wazi, na kuutazama. Meza nzima inautazama pia. Mkono umetulia.

“Leo uko,” anasema, na kuchukua ua la kwanza.

Zeddy, anayefanya kazi naye meza moja, anacheka kidogo. “Zamani tulikuwa tunaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu na yeye. Si kwa ubaya, aki. Tulidhani hiyo nafasi ina mwenyewe.”

Mwenyewe, kwa maneno ya daktari, ni mashine ndogo iliyoshonewa chini ya ngozi ya kifua cha Trizah, upande wa kushoto. Waya mwembamba unapanda shingoni, unapita nyuma ya sikio na kuzama ndani ya ubongo. Huko unapeleka umeme kidogo, mchana na usiku, kuunyamazisha mtetemo.

Mtetemo ulimwanza miaka minane iliyopita. Kwanza chai ilimwagika. Halafu waridi zikaanza kumponyoka, na waridi iliyovunjika shingo haina soko. Mtaani Kamere walisema ni pombe, ilhali hajawahi kuionja. Nyumbani Bungoma walisema kuna mkono wa mtu. Mshahara wake, ambao haufiki shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, uliishia kwenye dawa ambazo hazikumsaidia.

Ni kanisa lake lililofanya harambee akapasuliwa Nairobi, miaka miwili iliyopita. Mashine yenyewe, ya toleo la zamani, ilikuwa ya msaada.

Upasuaji ulifanywa akiwa macho, ili madaktari waone mkono unavyoitikia. Kichwa kilikazwa kwenye fremu ya chuma. “Niliisikia keekee kama fundi anatoboa ukuta wa jirani,” anasimulia. “Halafu nikakumbuka jirani ni mimi. Woi!”

Pale alipolala aliwaona watatu: Dkt. Mitchelle Sitati aliyeshika waya, mtaalamu aliyekuwa akipima umeme, na muuguzi Cate Wangeci aliyemshikia kikombe cha maji. Wote wanawake. “Nikajiambia, basi nimerudi leba.”

Wakajaribu sehemu ya kwanza. Ghafla Trizah akaanza kulia.

“Nililia kama niliyefiwa. Na sikuwa na huzuni yoyote! Dakta akasema, zima. Machozi yakakatika hapo hapo. Lakini kuna mtu alikuwa analia mle ndani, na si mimi.”

Dkt. Sitati alisogeza umeme sehemu nyingine. Mkono ukatulia. Trizah akanywa maji bila kumwaga tone, na safari hii akalia kwa hiari yake.

Mwaka mzima akaishi kwa amani. Akarudi kazini, akarudi kwaya, akakabidhiwa kuongoza sauti ya pili. Mwaka huu, kanisa liliponunua vyombo vipya vya muziki, mambo yakaharibika.

Jumapili moja, katikati ya wimbo, mkono uliamka. Ulipiga kitabu cha nyimbo kikaruka. Pasta Masinde akamwita mbele, kanisa likakemea pepo kwa sauti moja. Alipotoka kuombewa na kurudi mahali pake, mkono ukatulia. Vigelegele vikapasua paa.

Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Mkono unaamka wakati wa kuabudu, unalala baada ya maombi. Watu walianza kuja kutoka makanisa mengine kujionea. Watoto walikatazwa kumpa mkono.

“Nyumbani hautetemeki, kazini hautetemeki, ila mbele za Mungu tu,” anasema Trizah. “Wewe ungedhani nini?”

Halafu ikaja Jumapili ambayo alidhoofika wakati wa maombi, wakamkalisha viti vya nyuma kwa akina mama. Mkono haukulala siku hiyo, wala Jumatatu. Msimamizi alimrudisha nyumbani, akimwonya kwamba hatamshikia nafasi tena. Usiku aliufunga mkono kwa leso ili watoto walale.

Kifaa cha kuiwashia mashine kilikuwepo, lakini alikuwa amekificha kabatini chini ya nguo. Kilimtia hofu. Alhamisi alifika kliniki ya Milimani, Nakuru, akiwa na ombi moja: waya utolewe. Kama Mungu hautaki, alimwambia muuguzi Cate, ambaye sasa anafanya kazi hapo, basi atakufa na mtetemo wake.

Cate hakubishana. Alimpangia tarehe ya kumwona Dkt. Sitati, kisha akaweka kipimo chake juu ya kifua cha Trizah, akakunja uso.

“Mama, mashine imezimwa. Nani ameizima?”

“Sista, mimi sijaigusa,” Trizah akajibu. “Kumbe ni yule wa mle ndani.”

Cate aliiwasha. Mkono ukalala. Akapanga viti vya kliniki kama kanisa na kumwomba Trizah asimame anavyosimama akiimba. Trizah akasimama, kifua mbele, ameegemea hewa.

“Hapo umeegemea nini?”

“Spika. Ile kubwa mpya. Nimeizoea.”

Cate alibandua sumaku ya pambo kwenye mlango wa friji ya dawa, akaisogeza kifuani pa Trizah. Mkono ukaamka. Akaisogeza tena, mkono ukalala. Spika ina sumaku kubwa, na mashine hiyo ya zamani huzimwa na kuwashwa kwa sumaku. Akiiegemea spika akiimba, anaizima. Akirudi mahali pake baada ya maombi na kuiegemea tena, anaiwasha.

“Tulimwonya kuhusu sumaku,” Cate anakiri, “lakini hatukumuuliza anasimama wapi kanisani.” Usilolijua ni usiku wa giza, na hapo giza lilikuwa la pande zote.

Jumapili iliyopita Trizah alisimama mbele, akaegemea spika kwa makusudi. Mkono ukaruka. Kanisa likaanza kukemea. Akainua mkono wa kushoto: “Ngojeni kwanza.” Akaegemea tena. Mkono ukalala. Hakuna aliyepiga kigelegele. Pasta Masinde alikaa chini polepole, akajifuta uso.

“Kumbe miezi yote hiyo tulikuwa tunakemea spika,” alisema baada ya ibada. Spika imehamishiwa kona nyingine.

Tarehe ya kumwona Dkt. Sitati, wiki ijayo, Trizah hakuifuta. Atakwenda, ila waya utabaki. Cate amemwambia kuna mashine mpya zinazosikiliza mawimbi ya ubongo na kujirekebisha zenyewe, na kwamba ataulizia kama anaweza kupata moja betri hii itakapoisha.

“Isikilize?” Trizah anashtuka. “Si itasikia hata nisiyoyasema!”

Anacheka, anakata shina la waridi, kisha kicheko kinaisha. Siku hiyo ya kumwona daktari ana ombi lake mwenyewe. Anataka waelekeze umeme tena pale pa kwanza, kidogo tu, palipomliza.

“La spika nimelielewa. Lakini siku ile hakukuwa na spika,” anasema, akiutazama mkono wake uliotulia. “Sasa siogopi. Nataka kumuuliza huyo mwingine, analia nini.”