Yai la Rangi ya Chai

Ukungu ungali umeulalia mlima wa Wanale, Janepher huwa ameshaingia bandani, mkono wake ukipapasa nyasi za kiota polepole, kama mtu anayetafuta ndoto iliyomponyoka. Kuku wake ni machotara, na kila mmoja hutaga rangi yake. Yai la Nyekundu lilikuwa rangi ya chai iliyokolea. La Kanga, yule mwenye madoadoa, lilifanana na maziwa yaliyoonjeshwa chai kidogo. La Mweusi lilikuwa na wekundu wa mbali, kama kucha za mtoto mchanga.

Miaka ishirini na sita alikuwa askari wa magereza kule Jinja. Alipostaafu na kupanga nyumba yenye ua hapa Namakwekwe, Mbale, mazoea ya kuhesabu kila asubuhi alikuja nayo. Mayai ndiyo yaliyomwambia nani kaitika, nani kanyamaza. Na sheria ya banda ilikuwa moja: asiyetaga ataingia chunguni.

Kisha akaenda Jinja wiki sita, kumwangalia binti yake Shallon aliyejifungua. Aliporudi, yai la rangi ya chai halikuonekana. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. La maziwa lilikuja, la wekundu likaja. Kanga akamwagiwa mahindi ya ziada kwa bidii yake. Nyekundu akatazamwa tu.

Sasa Waiswa, mume wa Shallon, alikuwa anakuja kukanyaga ua wa mama mkwe kwa mara ya kwanza, na kwao mkwe hapikiwi kuku wa sokoni; hupikiwa aliyelelewa nyumbani. Kwa hiyo asubuhi hiyo Janepher alimfunga Nyekundu kamba mguuni, kuku aliyemlea tangu kifaranga ndani ya sweta lake la kazi. Vidole vilikuwa vizito kufunga fundo.

Jirani yake Muzafaru, anayechinjia ua mzima ili Waislamu na Wakristo wale chungu kimoja, alitokea na kisu.

"Afande! Mfungwa yuko wapi?"

"Ngoja kidogo. Anavuta kamba, anataka kiota."

"Anataka kutoroka huyo. Wewe mwenyewe huwajui?"

"Mwache aingie. Nitakaa naye."

Nyekundu akaingia, akajizungusha, akatulia. Janepher akaketi chini kando yake. Mwanga ulipenya kwenye nyufa za mbao, vumbi likielea ndani yake kama unga wa dhahabu, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu duniani ila pumzi ya kuku na pumzi ya mwanamke. Kisha Nyekundu akanyanyuka nusu, akatetemeka. Yai likadondoka nyasini, bado lina unyevu.

Lilikuwa rangi ya maziwa.

Janepher akaliokota. Joto lake lilimpanda hadi kiwikoni. Kumbe siku zote hizo alikuwa anaitika. Alikuwa ametaga mfululizo mpaka rangi ya chai ikamwishia, na sifa zikamwendea mwingine.

"Muzafaru, njoo uone! Ni yeye!"

Muzafaru akachungulia, akacheka. "Basi mwizi wa mahindi ni Kanga. Nimkamate?"

Janepher akamgeukia Kanga, aliyesimama ukutani manyoya yamempukutika shingoni. Akamshika, akapuliza ngozi yake taratibu. Vishina vipya vya manyoya vilikuwa vinachomoza, vidogo kama ncha za kalamu.

"Huyu anabadilisha nguo. Akimaliza, atataga."

"Afande, na mkwe atakula nini? Sheria?"

"Sheria iko palepale. Kamata jogoo."

"Jogoo?"

"Tangu azaliwe ametaga mangapi?"

Muzafaru alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akaanza kumfukuza jogoo kuzunguka ua. Janepher akapiga magoti, akafungua lile fundo, na mguu wa Nyekundu ukabaki kiganjani mwake, mwembamba, wenye joto. Hakuuachia mara moja.

"Nisamehe, mama," alimnong'oneza.