Mawe Meusi ya Mzee Carmelo

Mteja aliyepotewa na kumbukumbu ana haki ya kuambiwa ukweli, kwa upole, kila anapouliza. Ndivyo ilivyotamka kanuni ya saba ya shirika moja la kutunza wazee majumbani, mjini Houston, mwaka 2006. Wahudumu wote waliitia sahihi, wakiwemo wale ambao Kiingereza chao kiliishia kanuni ya tatu.

Généreuse alikuwa mmoja wao. Alitoka Goma, akapanga chumba mtaa wa Gulfton, na kila asubuhi alipanda mabasi mawili kwenda kumwogesha Mzee Carmelo, muuza mboga mstaafu aliyezaliwa Sisilia miaka themanini na minane nyuma.

Sebuleni kwa mzee kulikuwa na picha ya ufuko wa kwao: Bahari ya Mediterania, na ndani yake mawe meusi yaliyosimama kama watu waliosahau walichofuata. Siku ya kwanza Généreuse aliitazama hadi beseni likafurika. Mtu wa Goma haelezwi lava ni nini. Mwaka 2002 mlima ulipopasuka, moto uliteremka barabarani, ukapita juu ya nyumba yake, ukaingia ziwani ukifoka mvuke, ukapoa ukawa mawe yaleyale. Mumewe, Bisimwa, alikuwa amerudi ndani kuchukua cherehani. Alisema dakika mbili. Alikuwa mtu asiyechelewa.

Kwenye mawe yale ya Sisilia, mwaka 1931, Nino, kaka yake Carmelo, alipiga mbizi asionekane tena. Carmelo alikuwa ameshasahau. Kila asubuhi aliuliza kama Nino ametoka majini, na kila asubuhi Généreuse, kwa mujibu wa kanuni, alimjibu kwamba Nino alikufa. Mzee alilia kama mtu aliyepata habari leo, maana kweli alikuwa ameipata leo.

Kwao Généreuse msiba hautangazwi hivyo. Mtu hulishwa kwanza. Huambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, akakalishwa katikati ya watu, ndipo mkubwa mmoja akohoe. Basi akaanza kumlisha mzee kabla ya kumwambia. Mzee akalia akiwa ameshiba. Baada ya majuma matatu ya kufiwa kila siku, Généreuse alimsimamisha mbele ya picha akamwambia Nino hajarudi bado, maji ni mazuri leo. Mzee akanung'unika kwamba kijana yule hana adabu, atakula chakula baridi. Yeye akala chake chote.

Waliishi hivyo miezi minne, wawili wakingoja. Kisha binti wa mzee akasikia, akashtaki, na shirika likamtuma Loice, nesi Mkenya aliyewasimamia wahudumu, aje na fomu.

"Dada, ulimdanganya mteja?"

"Sikumudanganya. Nilimwambia hajarudi. Amerudi?"

Loice akamwambia asilete mchezo, hapa ni Amerika, watu wana mawakili.

"Wewe papa yako alipokufa," Généreuse akauliza, "walikuambia namna gani?"

Loice aliitazama kalamu yake. "Waliniambia ni mgonjwa kidogo, nikate tiketi." Akafunua ukurasa. "Lakini hiyo ni nyumbani. Hapa wata-ni-fire."

Généreuse akaondolewa kwa mzee. Mhudumu aliyefuata alikuwa msichana mwenye bidii, aliyezisoma kanuni zote hadi mwisho. Nino akaanza tena kufa kila asubuhi. Mwezi wa pili Mzee Carmelo aliacha kula; hakuifikia Pasaka. Katika faili iliandikwa kwamba alihudumiwa kikamilifu.

Juma lile alilokufa mzee, Généreuse aliitwa ofisini kujaza fomu ya mhudumu kabla ya kupewa mteja mpya. Palikuwa na nafasi ya kuandika mtu wake wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Aliandika: Bisimwa, mume, Goma. Loice, aliyeijua habari yote ya moto na cherehani, na ambaye kwa kawaida husahihisha hata nukta, aliisoma mara mbili, akagonga muhuri.