Mkono Uliomwaga Samaki

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo siihitaji kuitafuta ili niikumbuke: asubuhi niliyomwaga kikapu cha samaki wa mama mkwe wangu, Mama Antoinette, kwenye tope la soko, mbele ya wanawake walionijua. Hakuwa amenitukana. Aliniuliza tu, tena kwa sauti ya chini, kama nilikuwa nimekunywa dawa yangu.

Wewe umeanza vidonge kama vyangu, na juzi nilikuona ukilia juu ya sahani ya pondu, yale majani ya mihogo, kisha ukamgeukia mume wako kwa maneno makali. Ndiyo maana nimekuita. Keti, chai bado iko moto.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kwetu ni Butembo, na hapa Kisangani niliuza vitenge walivyonitumia kaka zangu kwa ndege, maana vita vilikuwa vimefunga mto na hakuna meli iliyopanda kutoka Kinshasa. Mume wangu Faustin alikuwa fundi wa injini za meli. Zilipokosekana meli, alifunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli yake akawa mtu wa toleka, akibeba abiria mchana kutwa. Mama yake, mwanamke wa mto kutoka Yanonge, alihamia kwetu bunduki zilipoanza kusikika kwao.

Kaka zangu ndio walionipeleka mashariki, nikakatwa titi la kushoto lililokuwa na saratani. Daktari akanipa vidonge vya kuzuia homoni zisiulishe ugonjwa tena: kimoja kila siku, miaka mitano. Alinieleza kwamba mwili utawaka joto na moyo utageukageuka. La joto nililisikia. La moyo liliingia sikio hili likatokea lile, kwa kuwa nilikuwa bado nalililia titi langu. Nikarudi nyumbani nikijiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwezi wa pili nikawa mtu nisiyemfahamu. Nililia kwa sababu chumvi imezidi. Nilimfokea mteja aliyeuliza rangi nyingine. Saa moja baadaye nilikuwa nacheka, na saa iliyofuata nilitamani kila mtu aondoke machoni pangu. Jirani akanong'ona kwamba nimerogwa. Mimi nikaogopa kwamba naingia wazimu, na hilo sikumwambia mtu. Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini ujana una masikio ya mawe. Nikaacha vidonge kimyakimya. Kila asubuhi nilificha kimoja ndani ya kopo la chumvi, nikajifanya nimemeza. Wiki mbili nzima, mwanangu! Na ule moyo wala haukutulia.

Kwa hiyo Mama Antoinette aliponiuliza pale sokoni, aligusa kidonda changu hasa. Nikashika kikapu nikakipindua. Yeye aliinama, na mgongo wake ule mbovu, akaokota samaki mmoja mmoja, akawafuta kwa kitenge chake mwenyewe.

Mchana aliniita uani alipokuwa akiwaosha samaki wale. Nilitegemea kelele. Hakuinua hata sauti.

"Mutoto wangu," akasema, "hii kasirani haiko ya kwako, iko ya dawa. Miye najua, nilikuonaka mbele ya ugonjwa kuja. Lakini mukono yenye ilimwanga samaki, ile iko ya kwako."

Nilikwenda jikoni nikaleta lile kopo, nikamwaga chumvi yote mezani pamoja na vidonge vyote kumi na vinne. Alivihesabu kwa kidole, kimoja kimoja. Akavihesabu upya tangu mwanzo, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwanamke huyu aliogopa kunizika kuliko nilivyoogopa mimi kufa.

"Bon," akasema. "Kesho tunaenda ku masoeur, sisi wawili."

Faustin alitupeleka kwa zamu, kwanza mama yake, kisha mimi. Muuguzi wa zahanati ya masista alikuwa sista mzee asiye na maneno mengi. Alisema si wazimu wala si uchawi. Vidonge vile huwabadilisha moyo wanawake wengi, na wengine hawasikii kitu. Akanikanya nisiache tena dawa bila kumwona daktari, nisimeze viwili kufidia nilivyoviruka, niendelee na kimoja tu. Akanitaka niandike siku mbaya kwenye daftari, nitembee kwa miguu kila asubuhi, nipunguze kahawa. Na huzuni ikinishika wiki mbili bila kuachia, au nikiwaza kufa, nirudi siku hiyohiyo, kwa kuwa na hiyo ina matibabu.

Njiani kurudi, mama mkwe akanifundisha jambo lake. Kwao, anayekaa mbele ya mtumbwi akiona maji makali huwaambia wenzake mapema, hangoji wapinduke. "Na weye utuambie," akasema. "Sema tu: maji inapanda. Tutajua."

Ikawa lugha ya nyumba yetu. Nikisema maji yanapanda, Faustin aliacha mjadala wowote, watoto wetu walitoka nje kucheza, nami nilikwenda kupalilia mihogo nyuma ya nyumba hadi kifua kitulie. Sikuamua jambo kubwa saa hiyo. Na nikikosea neno, niliomba msamaha kabla ya kula.

Lakini ule msamaha mmoja ulikuwa mzito. Nilirudi sokoni, nikasimama palepale, mbele ya wanawake walewale. Niliwaambia nimekatwa titi, nakunywa dawa, dawa inanigeuza moyo, na nimemkosea mama yangu aliyenilea kwenye ugonjwa. Katika mji ule wa vita watu walificha hata njaa yao, sembuse titi.

Mama Antoinette akaja akanishika mkono, akawageukia: "Huyu njo bibi ya mutoto yangu. Munaona vile iko na nguvu?"

Kabla ya Jumapili, wauzaji wawili walinijia mmoja mmoja, wakaniambia wana uvimbe. Nikawapeleka kwa sista. Wa mmoja haukuwa kitu. Wa pili uliwahiwa, na mwenye nao ndiye aliyekuja kumsimamia mjukuu wangu wa kwanza kwenye ubatizo.

Kisha mapigano yakafunga uwanja wa ndege, nami nikabaki na vidonge vya mwezi mmoja tu. Faustin alitengeneza baiskeli, akafunga chikwangue, mkate wetu wa muhogo, na kitabu cha sala, akashika njia ya Bafwasende kuelekea kwa kaka zangu, pamoja na wafanyabiashara wengine waliosukuma mizigo porini. Alirudi siku ambayo vidonge vilibaki vitatu, amekonda, miguu imevimba, dawa ameifunga kifuani kwa kitambaa. Na unajua nilimpokeaje? Nilimgombeza kwamba anaingiza matope ndani! Akanitazama, akauliza taratibu, "Maji inapanda?" Nikasema ndiyo, nikaangua kilio. Akacheka, akakaa nje kwenye kiti mpaka nikatoka kumwosha miguu.

Nilimaliza miaka mitano. Daktari aliponiambia niache, Mama Antoinette alikuwa kando yangu amevaa liputa, kitenge chake cha Pasaka, akamwambia mtu mgeni kabisa aliyekaa karibu kwamba huyu ni binti yake. Hakusema mkwe. Nimepata mengi maishani, mwanangu, lakini hilo ndilo ninalotembea nalo kichwa juu.

Basi hii ndiyo nasaha yangu. Kunywa dawa yako. Ikikushinda, mwambie daktari, usiiambie chumvi. Waambie wa nyumbani kinachokupata kabla hakijakupata, maana hawawezi kusaidia wasichokijua. Usijichukie kwa machozi yasiyo na sababu. Sababu ipo, ni dawa. Ila ukimwumiza mtu, usiilaumu dawa: nenda kaokote ulichomwaga. Samaki huokoteka, neno ni maji, ukilimwaga halizoleki, kwa hiyo liombee msamaha likiwa bado bichi.

Mungu akuhesabie miaka hii mitano kama alivyonihesabia mimi, akupe watu wa kukaa nao mtumbwi mmoja, na uzeeke hadi uniambie kwamba mimi nilikuwa na maneno mengi. Haya, kunywa chai, kisha nenda kwa mume wako.